Kilima Kisicho na Marki

Siku kilima kilipoletwa godauni, mjinga wa siku alikuwa Hafidh, na mwenyewe habishi. Katika wiki zilizofuata walitokea waliompita mbali, tena wenye tai na shahada, lakini wa kwanza ni wa kwanza, na cheo chake hajanyang'anywa mpaka leo.

Ilikuwa mwezi wa tatu, majira ambayo Guangzhou hutoka jasho. Kuta hutiririka maji, sakafu hulowa bila kumwagiwa ndoo, na shati ulilolianika jioni unalianua kesho limelowa kuliko ulivyolianika. Nyuma ya majengo ya nguo ya Guangyuan Xilu, katika godauni lenye kibao cha "Dar na Unguja, Kila Wiki, Inshallah", Hafidh alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai ya rangi na kuwasubiri wachukuzi. Kazi yake ni kukusanya mizigo ya watu. Huyu ana marobota ya magauni, yule ana katoni za wanasesere kutoka Yide Lu, na wote anawapanga katika kontena moja mpaka nyumbani. Kazi yenyewe haina siri. Ina sheria moja tu, nayo ni marki: kila mzigo lazima uandikwe herufi za mwenyewe kwa wino, kubwa, upande wa mbele. Mzigo usio na marki huitwa yatima, na yatima katika mtaa ule hamalizi kutwa. Utamkuta kwa Wakongo wa godauni la jirani, ameshapewa jina la Kifaransa.

Chai ilikuwa haijafika nusu pale mchukuzi mmoja alipoingia akisukuma kitoroli. Juu ya kitoroli palikuwa na kilima.

"Cha nani?" Hafidh aliuliza.

"Meiyou," alisema mchukuzi, neno ambalo mtaani pale lina maana ya hakuna, sijui, imekwisha na niache, inategemea nani analisema na amechoka kiasi gani. Akakishusha kilima karibu na bomba la maji, akajifuta uso kwa taulo, akaondoka na kitoroli chake.

Kilikuwa kilima cha mawe meupe. Kwa nje hakikuzidi marobota sita yaliyopangwa vizuri, ila ndani kilikuwa na nafasi zaidi, kama mzigo uliofungwa na fundi hodari. Mtu akikanyaga ukingo wake alianza kupanda, na mpaka afike juu chai aliyoiacha imeshapoa. Chini kulikuwa na nyumba ya mawe yenye mtini na shamba la dengu. Juu kulikuwa na nyumba ya paa jekundu yenye mizinga ya nyuki. Katikati ulipita ukuta, kwenye ukuta palikuwa na geti, na kwenye geti alikaa askari mwenye bunduki, anapiga miayo. Hewa ya kule ilikuwa kavu. Hafidh aliweka taulo lake juu ya jiwe, likakauka kabla hajamaliza kuzunguka, na hilo ndilo lililomfurahisha zaidi asubuhi ile.

Akatafuta marki. Mbele hamna, nyuma hamna. Basi akafanya kama afanyavyo kwa kila yatima. Alichovya brashi katika kopo la wino mwekundu, akaandika HFZ kwenye jiwe kubwa la mbele, herufi za kampuni yake mwenyewe, kila moja urefu wa mkono. Kisha akarudi nyuma kidogo kutazama kama zimenyooka.

"Unaandika nini kwenye ukuta wangu?"

Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya chini, mikono ina unga. Alisema kwa Kiarabu. Cha Hafidh kilikuwa Kiarabu cha chuoni kilichochanganyika na cha Wayemeni wa sokoni, na kilimtosha.

"Usihofu, mama. Nakuandika usipotee."

"Mimi niko nyumbani," alisema yule mwanamke. "Aliyepotea nani?"

Hafidh alicheka, akidhani ni mzaha.

Jina lake Rasmiya. Hakuuliza ule ni mji gani. Alisema si mara ya kwanza kuhamishwa akiwa amekaa palepale. Aliuliza jambo moja tu, maji. Chemchemi haikuja na kilima, ilibaki ilikokuwa. Tangi lake lilikuwa dogo na limekauka, na tangi la nyumba ya juu lilikuwa kubwa na limejaa, kwa kuwa kule walikotoka bomba lilijaza juu kwanza, kisha likashuka chini siku likikumbuka. Hafidh alichomeka mpira kwenye bomba la godauni, lile la wachukuzi kunawia miguu, akauvuta mpaka kwenye tangi la Rasmiya, likajaa. Hakuhitaji kikao. Alihitaji mpira na kipande cha waya wa kuubana, basi.

Mchana alikuja Bi Liang, mwenye jengo. Alikizunguka kilima, akauliza kama mtini una mizizi mirefu, maana mizizi hupasua saruji, akakumbusha kwamba mzigo wowote ukae ndani ya mstari wa njano. Kilikuwa ndani ya mstari wa njano. Akaenda zake kulala kidogo, kama walalavyo watu wa mji ule baada ya chakula.

Hafidh naye akapiga picha, akaituma kwenye kundi la wafanyabiashara katika simu: "Mwenye kilima chake aje akichukue."

Walikuja wengi.

Ujumbe wa Waarabu ulikuja kwa basi moja na ujumbe wa Wayahudi kwa basi jingine, na mabasi yote mawili yalizunguka mtaa mpaka yakawasha taa ya mafuta, kwa sababu kila moja lilikataa kufuata nyuma ya jingine. Kiongozi wa Wayahudi alipokiona kilima alilia. Bibi yake alifukuzwa mji baada ya mji kabla ya kupata mlango anaoweza kuufunga kwa ndani, na mlango wenyewe ndio ule wa juu. Kiongozi wa Waarabu alipokiona kilima alilia. Babu yake alizikwa pale chini, kwenye mtini. Wote wawili walisema kweli, na hiyo ndiyo taabu yake. Lakini hakuna aliyepanda. Kumtangulia mwenzako kungekuwa uchokozi, na kumfuata kungekuwa kushindwa. Basi walisimama kwenye saruji, wanalia, viatu vinalowa.

Nyuma yao aliingia Mjumbe Maalumu, bwana mrefu kutoka nchi ya theluji, mpatanishi wa migogoro mingi ambayo yote ilikuwa ingali hai na yenye afya njema. Pamoja naye alikuja mama mmoja mpole kutoka ofisi ya mataifa, ambaye kazi yake ilikuwa kuwa na wasiwasi. Hafidh hakuweza kulitamka jina lake, akamwita Mama Wasiwasi, na jina likamkaa kama kanzu ya kushonewa.

Meza haikuwepo. Palikuwa na marobota ya jinzi kutoka Xintang yakisubiri kontena, mali ya Bi Muzdalifa, mfanyabiashara wa Unguja. Waliyapanga kwa urefu, wakatandika kitambaa cheupe, wakaita meza. Kila mjumbe akawekewa chupa ya maji baridi. Bi Muzdalifa alifika wakati wanapanga maua.

"Hafidh weye! Jinzi zangu zimefanywa nini?"

"Zimekuwa meza, dada."

"Meza ya nani?"

"Ya amani."

"Amani haiwezi kukaa kwenye yale marobota ya magauni ya Safia? Hizi zangu zina watu wanazisubiri kwa Idi!"

Mjumbe Maalumu akamweleza kwa heshima kwamba kikao kimekwisha kufunguliwa, na kikao kikifunguliwa kila kitu kinabaki kilivyo mpaka suluhu ipatikane. Bi Muzdalifa akauliza suluhu ya mwisho aliyoipata bwana huyu ilichukua muda gani. Hafidh akamtafsiria. Mjumbe Maalumu akasema hilo ni swali zuri, akageuka kukitazama kilima. Ndipo alipoziona herufi nyekundu.

"HFZ ni nani?"

"Mimi," Hafidh alisema. "Lakini hiyo ni marki tu, bwana. Ya mzigo."

"Umeandika kabla yetu kufika?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kuna aliyekuzuia?"

Hafidh alikumbuka ile mikono yenye unga. "Kuna mama aliuliza."

"Kuuliza si kuzuia." Mjumbe Maalumu alimshika bega, uso wake umejaa mapenzi ya kazi. "Rafiki yangu, kila mpaka nilioushughulikia maishani ulianza na mtu wa nje mwenye wino. Karibu mezani."

Hivyo ndivyo kilima kilivyopata mdai wa tatu. Bendera yake ililetwa siku ileile kutoka Yide Lu, ambako bendera ya nchi yoyote hushonwa kabla nchi haijajitambua: nyeupe, herufi tatu nyekundu. Akapewa kiti cha mgongo mrefu. Akaitwa Mheshimiwa. Hafidh alikataa mara moja, kwa adabu, kisha hakurudia kukataa. Mtu aliyeanza mji ule kwa kubebea watu marobota mgongoni, akafukuzwa vyumba vitatu, akalala wiki nzima juu ya katoni za sabuni, akiitwa Mheshimiwa huwa hasikii vizuri kinachofuata.

Kilichofuata kilikuwa ajenda. Jambo la kwanza lilikuwa kiyoyozi. La pili lilikuwa mpira wa maji. Mama Wasiwasi aliuona unapita chini ya meza kuelekea kwa Rasmiya, akaeleza, kwa sauti anayosemeshwa mgonjwa, kwamba maji ni katika masuala ya mwisho, na masuala ya mwisho hujadiliwa mwisho. Mpita njia akitoa maji ni sadaka. Lakini Mheshimiwa HFZ ni mmoja wa wadai, na mdai akitoa maji anajenga hoja.

"Hoja gani?" Hafidh aliuliza.

"Kwamba nchi ni yako."

"Miye nataka mama wa watu anywe, basi."

"Sote tunataka hivyo," alisema Mama Wasiwasi, na ilionekana wazi kwamba kweli anataka.

Hafidh akainuka. Akaenda kwenye bomba lake, ndani ya godauni alilolipanga yeye, akalifunga kwa mkono wake wa kulia. Halafu, kwa kuwa palihitajika kitu rasmi, akatoa katika kopo lake mwenyewe lakiri moja ya kontena, kile kifungo kisichofunguka ila kwa kukatwa, akalitia bomba lakiri kama anavyotia kila wiki. Wajumbe wote wakasimama wakampigia makofi, Waarabu na Wayahudi kwa pamoja, jambo ambalo Mjumbe Maalumu alisema lilikuwa la kihistoria. Hafidh alirudi kitini akijihisi ameongezeka kimo.

"Mheshimiwa Bomba," alisema Bi Muzdalifa kutoka kule alikokaa kuzilinda jinzi zake. "Hongera."

Vikao viliendelea kila asubuhi. Tamko la kwanza lilieleza wasiwasi. La pili lilieleza wasiwasi mkubwa. La tatu lilitaka kusema wasiwasi mkubwa sana, na hilo "sana" likabishaniwa tangu chai mpaka chakula, kwa kuwa upande mmoja uliona linaelekea kwake. Kila tamko lilipopitishwa, kilima kilipungua kidogo. Hafidh ndiye aliyeliona, maana macho yake yamezoea kupima mzigo kwa ujazo. Kilikuwa kinapungua upande wa chini tu. Tamko la kwanza liliondoka na ukingo wa shamba la dengu. La pili likaondoka na shamba lililobaki. Nafasi iliyobaki wazi sakafuni Bi Liang aliipangisha kwa mtu wa viatu, kwa kuwa ilikuwa ndani ya mstari wa njano na haina mzigo.

Tamko la tatu lilipopita, "sana" likiwa limeingia kwa shida, uliondoka mtini na kaburi lililokuwa chini yake. Kiongozi wa Waarabu alisimama kupiga kelele, akaambiwa zamu yake ya kusema ni baada ya chai. Baada ya chai akasema kwa uchungu, kwa muda mrefu, maneno mazuri, yakaandikwa yote. Mizinga ya nyuki ya nyumba ya juu haikuguswa. Kiongozi wa Wayahudi alipoulizwa kwa nini kilima kinaliwa upande mmoja, alisema hilo ni suala la udongo, akapendekeza kamati ya udongo. Kamati ikaundwa. Hafidh akawa katibu wake.

Alinunua suti kwenye jengo la mbele. Akaanza kusema "kwa upande wetu".

"Upande wenu na nani?" Bi Muzdalifa alimuuliza. "Mbona mie nakuona mmoja?"

"Hivi ndivyo wanavyosema, dada."

"Na yule mama wa nyumba ya mawe ana maji?"

"Yako kwenye ajenda. Jambo la kumi na nne."

"Mko la ngapi?"

"La pili, lakini tunakwenda vizuri."

Kila siku baada ya chakula, wajumbe walilala. Walikuwa wamejifunza desturi ya mji upesi kuliko walivyojifunza jambo jingine lolote. Walilaza vichwa juu ya kitambaa cheupe, juu ya jinzi, wakakoroma kwa lugha zao zote. Saa hiyo Hafidh aliwahi kupanda kilimani kumpelekea Rasmiya chupa ya maji aliyobakiza mezani, akaificha ndani ya koti asionekane anajenga hoja. Akamkuta Rasmiya amesimama chini ya ukuta ameinua mikono. Juu ya ukuta alikuwa mzee mwenye kofia ndogo ya kufuma, anateremsha ndoo kwa kamba. Askari wa getini alikuwa ameugeuzia ukuta mgongo, ameshughulika sana na kufunga kamba za viatu.

Mzee alikuwa Eliyahu, wa nyumba ya juu, mfuga nyuki. Kiarabu chake kilikuwa cha Baghdad, alichokirithi kwa mama yake, na alikitumia zaidi kwa kugombana.

"Umechelewa leo," Rasmiya alimwambia.

"Nyuki hawana saa. Pokea, mkono unauma."

"Maji yangu yalikuwa yanapita mlangoni kwangu yanakwenda kwako. Leo unanirudishia kwa ndoo, na bado nikushukuru?"

"Bomba sikulichimba mimi."

"Wala hukulifukua."

Eliyahu aliteremsha ndoo taratibu isimwagike. Kisha akamwona Hafidh na suti yake, uso ukambadilika.

"Wewe ni wa mezani."

"Ndiyo, mzee. Lakini mimi..."

"Basi hukuona kitu. Hii kamba usiitaje popote. Wakiijua wataifungulia kikao."

"Mzee, jambo zuri kama hili! Wangefurahi."

"Ndilo ninaloliogopa," alisema Eliyahu, akavuta kamba yake juu.

Hafidh alimwachia Rasmiya ile chupa, akashuka kilimani ameguswa kweli. Si mtu mbaya, na hakuwahi kuwa. Usiku ule hakupata usingizi kwa kuandika hotuba kichwani, na ilivyozidi kuwa tamu ndivyo sura ya Eliyahu ilivyozidi kufifia ndani yake. Asubuhi alifunga tai, akaomba nafasi, akapewa.

Alisema vizuri. Hata Bi Muzdalifa, ambaye si mwepesi wa sifa, anakiri kwamba alisema vizuri. Alisema kuta za godauni zinatiririka maji, vitambaa vya meza vimelowa, karatasi za wajumbe zinashikana kwa unyevu, na hatua chache kutoka hapo mwanamke hana cha kuchemshia chai. Mama Wasiwasi alitoa leso. Hafidh akaona leso, akapata moto. Akasema: waheshimiwa, msidhani amani haiwezekani, amani ipo, mimi nimeiona kwa macho yangu. Mnapolala, mzee Eliyahu wa nyumba ya juu huteremsha ndoo kwa kamba, na jirani yake huipokea!

Wajumbe wakapiga makofi. Makofi hayo yalizidi yale ya bomba. Viongozi wote wawili walimpa mkono. Mjumbe Maalumu alisema katika miaka yake yote hajawahi kusikia ushuhuda kama huo, akapendekeza hapohapo kwamba Kamba iingizwe katika ajenda.

Ikaingizwa. Kiongozi wa Wayahudi alitaka kujua nani alimruhusu mzee Eliyahu kutoa maji ya nyumba ya juu bila kibali, na kama ndoo haina kitu kingine ndani yake. Kiongozi wa Waarabu alitaka ijulikane kwamba kupokea maji kwa kamba si kukubali kwamba maji ni ya aliye juu, na akaomba Rasmiya asipokee tena mpaka jambo hilo liandikwe. Mjumbe Maalumu alizipokea hofu zote mbili kwa uzito sawa, kama mtu anayebeba mayai. Kabla ya chakula lilipitishwa tamko la nne, lililoipongeza Kamba, likaitaja kuwa mfano kwa dunia nzima, na likaisimamisha mpaka wataalamu waikague. Askari wa getini alitumwa kuichukua. Aliikunja vizuri, akaileta mezani, ikawekwa katikati karibu na maua, na wajumbe wakapiga nayo picha.

Kilima kikapungua tena. Safari hii ukingo ulifika kwenye kizingiti cha Rasmiya, ikawa akifungua mlango anakanyaga saruji.

Kutoka juu ya ukuta ilisikika sauti ya Eliyahu. "Nilikwambia usitaje! Sikukwambia?"

"Nilikuwa nawatetea!" Hafidh alipiga kelele kuelekea juu.

"Nani alikuomba?" Kisha dirisha la paa jekundu likafungwa, na nyuki tu ndio waliobaki wakivuma.

Siku ya pili baada ya Kamba kusimamishwa, wajumbe wakiwa kwenye usingizi wa mchana, Rasmiya alifungua mlango wake, akatoka na ndoo tupu. Hakuwa na mbali pa kwenda. Alipita kando ya katoni za viatu zilizokaa palipokuwa shamba lake, akapita nyuma ya viti vya wanaokoroma, akafika kwenye bomba. Akalitazama lile bomba, akaitazama lakiri. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Akaweka ndoo chini yake, kama mtu anayengoja zamu.

Hafidh alikuwa ameketi kitini kwake, peke yake aliye macho, anapiga pasi kwa kiganja mkunjo wa suruali. Akainuka haraka.

"Bi Rasmiya, rudi ndani. Wakikukuta huku watasema umevuka."

"Nimevuka nini? Nimefungua mlango."

"Najua. Lakini tuko pabaya, kesho tunaingia jambo la tatu, kukiharibika kitu sasa hivi..."

Bi Muzdalifa hakujua Kiarabu, lakini ndoo alikuwa anaijua. Aliinuka kutoka kwenye jinzi zake, akaenda ukutani, akalitungua koleo kubwa la kukatia lakiri za kontena, akalitia mkononi mwa Hafidh.

"Kata," alisema.

Hafidh alilishika koleo. Lilikuwa zito, na kazi yake alikuwa anaijua. Kila wiki alikata lakiri huku anazungumza na simu, bila hata kutazama. Aliwatazama wajumbe waliolala. Aliitazama bendera yake ndogo, ambayo upepo wa kiyoyozi ulikuwa unaitikisa taratibu. Akaliegemeza koleo kwenye mguu wa kiti.

"Dada, hamwelewi mambo haya. Hili linataka subira."

"Subira ya nani?"

"Ya sote. Wiki ijayo nina nafasi ya kusema tena, nimeshapewa. Nitaanza na maji." Akamgeukia Rasmiya, akajiwekea kiganja kifuani. "Mama yangu, nielewe. Wallahi nikilikata leo, kesho wananitoa mezani. Na mimi nikitolewa mezani, nani atakusemea?"

Rasmiya aliitazama ile meza ndefu, vichwa vilivyolala juu yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na viti vya ziada vilivyoegeshwa ukutani kwa ajili ya wanaokuja. Maji ya ukutani yalikuwa yanatiririka nyuma ya viti.

"Wa kunisemea wamejaa mpaka hawana pa kukaa," alisema. "Mimi nina kiu."